Usiku Simu Hii Hukaa na Nani?

Kwenye kadi ya kila mgonjwa wa CTC, yaani kliniki ya watu wanaoishi na VVU, kuna mstari wa namba ya simu. Ukikaa na wataalamu wa mifumo, wao wanaona tarakimu kumi za kujaza, basi. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo mkoani Njombe, nimeianza kazi hii enzi ambazo kompyuta ilikuwa ofisini kwa mganga mkuu wa wilaya tu, na nikiulizwa teknolojia imebadilisha nini katika huduma za VVU, jibu langu linaanzia kwenye mstari ule. Mengi mazuri niliyoyaona yamepita hapo, na yaliyowaumiza watu wangu yamepita hapo hapo.

Mkoa wetu ni wa baridi, wa chai ya Lupembe, mbao, viazi na siku hizi parachichi. Makambako barabara ya Songea inapoachana na ile iendayo Tunduma, malori hulala usiku kucha. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulionyesha kwamba kati ya watu wenye miaka 15 na kuendelea nchini, asilimia 4.4 wanaishi na VVU; Njombe ni asilimia 12.7, tunaongoza. Kwa hiyo siku ya kliniki kwetu benchi linajaa kabla jua halijaondoa ukungu, na kwenye benchi hilo wanakaa walimu, wachuma chai, wapasua mbao, wajukuu na bibi zao.

Dawa za kufubaza virusi hazina likizo. Mtu akiruka wiki mbili tatu virusi vinaanza kupanda, akizoea kuruka virusi vinajenga usugu, na hapo tunaanza kutafuta dawa za mstari wa pili, za kutumia zile za kwanza zikishindwa. Ndiyo maana mgonjwa asipotokea siku yake lazima atafutwe. Zamani tulimtafuta kwa miguu. Kwenye kadi tuliandika jina la kitongoji na la balozi wa nyumba kumi, ukifika unamuuliza balozi, naye anakutazama kuanzia viatu hadi kofia. Kijijini nesi haendi nyumbani kwa mtu bure. Kabla hujamaliza kunywa maji uliyokaribishwa, jirani ameshajua umemfuata nani.

Simu zilipoenea tulishusha pumzi. Unampigia mtu, unamuuliza kulikoni, anakwambia mtoto alikuwa na homa au nauli haikupatikana, mnapanga siku nyingine. Ila niligundua mapema kwamba wengi walioandikisha namba hawakuwa na simu. Walikuwa na mahali pa kupatikania. Namba ni ya mume. Namba ni ya kijana wake aliyeko Dar, ambaye hupiga kwa jirani, jirani akaenda kumwita. Namba ni ya mnyapara wa shamba la chai, kitochi kinachotumiwa na wachumaji wote wa upande ule. Namba ni ya dada aliyemwachia laini alipoenda kuolewa Ludewa.

Basi nikaacha kuuliza "namba yako ni ngapi?" kama swali la kumaliza. Nikaongeza lingine: "Usiku simu hii hukaa na nani?" Ajabu ni jinsi swali hilo linavyofungua watu. Mama aliyekuwa anajibu neno moja moja ananyamaza, anamwangalia mtoto wake, halafu anasema, "Sista, usiku anakuwa nayo baba. Piga saa nne asubuhi nikiwa shamba." Mwingine: "Mama mkwe ndiye anayepokea, mwambie unaniulizia mambo ya kikoba." Na mimi nikachukua penseli, pembeni ya namba nikaandika kwa herufi ndogo: *asubuhi, kikoba*. Kwa mwingine: *mwanamke tu azungumze*. Kwa mwingine: *usipige, atabipu mwenyewe Jumatatu*. Penseli kwa sababu mambo hayo hubadilika. Mume akijua na kukubali, unafuta.

Wapo wenzangu waliosema huku ni kudanganya, muuguzi kujifanya mtu wa kikoba. Nimelifikiria sana. Siri ile ni ya mgonjwa, na Sheria ya VVU na UKIMWI ya 2008 inanitaka niitunze. Yeye ndiye anayejua nyumba yake ina mlango gani wa kupita salama. Nikishauriana naye, nikampa nguvu ya kumwambia mwenzake atakapokuwa tayari, nimefanya kazi yangu. Wengi waliwaambia wenza wao baadaye, na baadhi waliongozana nao kuja kupima. Lakini walisema siku waliyoichagua wao.

Kisha likaja jambo la kuhamishia kadi zote kwenye kompyuta. Tulipata karani wa takwimu, kijana makini anayechapa haraka, akaingiza jina, umri, tarehe ya kuanza dawa, uzito, dawa, matokeo, namba ya simu. Nilifurahi na bado nafurahi. Asubuhi anachapisha orodha ya wanaotarajiwa siku hiyo, jioni unajua nani hakuja. Kazi iliyokuwa inakula Ijumaa nzima tukipekua majalada inaisha chai ikiwa bado ya moto. Ila kwenye kompyuta hapakuwa na nafasi ya penseli. Namba iliingia, maandishi ya pembeni yakabaki kwenye karatasi kabatini.

Kwa muda hilo halikuleta shida, maana mpigaji alikuwa bado mimi, na kadi nilikuwa natoa kabatini kwanza. Shida ilikuja mradi mmoja ulipoleta mfumo wa kukumbusha miadi kwa meseji zinazojituma zenyewe. Walitusomea maneno ya ujumbe kwenye kikao: habari, unakumbushwa kufika kliniki kesho, njoo na kadi yako. Hakuna neno VVU, hakuna neno dawa. Wakubwa waliona ni salama. Niliuliza kuhusu wale wenye simu za kuchangia, nikajibiwa kwamba ujumbe hauna kitu cha kumtambulisha mtu. Kumbe juu ya meseji, mahali panapotokea jina la mtumaji, palikuwa na jina la mradi. Na mradi ule, kuanzia stendi hadi shambani, kila mtu alikuwa anajua unashughulika na nini.

Mama mmoja alikuja wiki ileile, mtoto mgongoni na begi la nguo mkononi. Hakukaa kwenye benchi, alikuja moja kwa moja mezani kwangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, nani amemwambia?" Meseji ilikuwa imeingia saa kumi na mbili jioni kwenye simu ya mume wake, wakati wanasubiri ugali uive, na mume akaisoma mbele ya ndugu zake. Kwenye kadi yake, nilipoitoa, maandishi yalikuwa palepale: *mchana tu, uliza parachichi*. Mashine haikuyajua. Aliondoka siku ileile kwenda kwao Wanging'ombe, tukampa barua ya uhamisho na dawa za kumfikisha. Siku ya pili mume alikuja amefura, anataka kuonyeshwa aliyetuma. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Aliyetuma alikuwa kompyuta iliyowekwa mahali sisi sote hatujawahi kufika.

Nimemkumbuka yule mama mara nyingi kuliko wagonjwa wengine wote. Alikuwa hajakosa miadi hata mara moja. Hakuhitaji kukumbushwa.

Miezi kadhaa baadaye, kwenye mafunzo, mwezeshaji mmoja aliyewahi kufanya kazi Kenya alitusimulia utafiti wa WelTel, na mimi niliuandika wote kwenye daftari langu. Wagonjwa waliandikishwa katika kliniki tatu za Kenya kati ya Mei 2007 na Oktoba 2008, na matokeo yalitoka kwenye jarida la The Lancet mwaka 2010. Walikuwa 538, wote wanaanza dawa, wakagawanywa makundi mawili. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. Kundi la pili lilitumiwa ujumbe kila Jumatatu, na ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Akijibu shida, au akikaa kimya, muuguzi anampigia. Baada ya mwaka, waliojieleza kuwa wanameza dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi la meseji na 50 katika kundi lingine. Waliofubaza virusi, asilimia 57 dhidi ya 48.

Watu chumbani walishangaa jinsi kitu kidogo hivyo kilivyosaidia. Mimi nilishangaa jinsi kilivyofikiriwa. Mama mkwe akisoma "Mambo?" anaona salamu. Mnyapara akiisoma anaona salamu. Haisemi kliniki, haisemi kadi, haisemi kesho. Halafu haiishii hewani: jibu linamrudia muuguzi, na muuguzi ana wajibu wa kunyanyua simu. Sisi tuliletewa meseji inayotoka tu. Mgonjwa akijibu "nauli sina" jibu lake lilikuwa halifiki kwa mtu yeyote.

Nilirudi nikaomba mambo mawili kwa kusisitiza, na nilisaidiwa na mratibu wa wilaya ambaye alinisikiliza. La kwanza, jina la mtumaji libadilishwe. La pili, mgonjwa aulizwe kwa mdomo kama anataka meseji, na asiyetaka awekewe alama asitumiwe. Ilichukua muda, barua zikapanda na kushuka, lakini yote mawili yakafanyika. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika, mwaka 2023, kusema haya kumekuwa rahisi; sasa nikiongea kuhusu ridhaa kikaoni watu hawanioni kama nesi mkorofi. Niliitumia sheria hiyohiyo kusimamisha tabia ya kurusha picha za kadi kwenye kundi la WhatsApp la watumishi. Tunarusha namba ya CTC peke yake, jina linabaki kituoni.

Namba zenyewe nazo hazitulii. Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA zilipoanza kufungwa, orodha yetu ilitoboka. Bibi ambaye namba yake ya NIDA haijatoka alisajiliwa laini kwa kidole cha mjukuu; mjukuu akihama anahama na laini. Na laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni inaifunga, baadaye inauzwa kwa mtu mwingine kabisa. Nimewahi kupiga namba ya mgonjwa wangu wa Makambako akapokea baba wa Tanga, mpole, akanitakia kazi njema. Nilishukuru kwamba nilikuwa nimeanza na "naongea na nani?" Tangu hapo kwangu ni kanuni: kila miadi namba inahakikiwa upya, mgonjwa akiwa amesimama mbele yangu, na nambipu palepale nione kama simu iliyoko mfukoni mwake ndiyo inayoita.

Nisieleweke kwamba nataka turudi kwenye majalada. Sampuli za kupima wingi wa virusi kwetu zilikuwa zinasafiri hadi Mbeya, majibu yanarudi kwa karatasi kwenye gari lolote linaloelekea huku, na mjamzito angeweza kujifungua kabla hajajua kama virusi vyake vimefubaa. Leo jibu linaonekana kwenye skrini mara maabara inapolithibitisha, na likiwa baya namwita mtu siku hiyohiyo. Dereva wa lori aliyesahau dawa nyumbani ananipigia kutoka Tunduma, namtajia nesi wa kule namba yake ya CTC na dawa anayotumia, anapewa za siku kadhaa, safari inaendelea. Kabla ya hapo mtu huyo angekaa bila dawa mpaka arudi. Tena tangu tulipoanza kutoa kidonge kipya cha TLD, kimoja chenye dawa tatu ndani yake, mwaka 2019 na kuwapa waliofubaza virusi dawa za miezi sita, simu imekuwa na uzito zaidi, kwa kuwa nusu mwaka mzima mtu simwoni kwa macho.

Wanaonifundisha zaidi siku hizi ni vijana waliozaliwa na maambukizi. Hao simu ni zao kweli, zina nywila, na meseji wanaziweka zijifute. Kijana wa miaka 19 haniruhusu nimpigie, ananiandikia saa tano usiku swali ambalo asingelitamka mbele yangu: anataka kumwambia mpenzi wake, aanzeje? Najibu. Si kazi ya saa zile, lakini najibu, kwa sababu asubuhi atakuwa ameshabadili mawazo. Walio bweni ni habari nyingine kabisa, maana wanafunzi wa sekondari hawaruhusiwi simu shuleni. Kwao mawasiliano yanapita kwa matroni, na mfumo wowote ule unategemea kama matroni yule ana moyo wa kutunza kichupa cha dawa kabatini mwake bila kukizungumza. Nikipata matroni mwema namshukuru mbele ya mkuu wa shule bila kusema sababu.

Mwaka 2025 tulipata funzo ambalo hatukuliomba. Januari serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na karani wetu wa takwimu, aliyekuwa analipwa na mradi wa misaada hiyo, aliambiwa abaki nyumbani. Dawa zilikuwepo. Kompyuta ilikuwepo, umeme ulikuwepo. Aliyekuwa anailisha hakuwepo. Kadi zikaanza kurundikana kwenye boksi, orodha ya asubuhi ikawa ya watu wa wiki iliyopita, na mashine ikaanza kuwataja kama watoro watu waliokuwa wamechukua dawa jana yake. Nikafungua daftari la miadi, lile kubwa la jalada gumu, tukarudi kuandika kwa mkono. WAVIU washauri, ambao wao wenyewe wanaishi na VVU na posho zao zilikuwa zimekatika, waliendelea kuja. Wao ndio waliokuwa wanajua nani amehamia wapi. Mmoja alizunguka vitongoji vitatu kwa siku kwa baiskeli ya mwanawe kuwatoa watu hofu, kwa kuwa maneno yalikuwa yameenea kwamba dawa zimekwisha.

Huduma ya dawa iliendelea na mambo yakaanza kurudi kwenye mstari, lakini daftari sikulifunga tena. Linakaa juu ya meza, karibu na kompyuta, na kila mgonjwa anaandikwa kote kuwili. Ni kazi mara mbili, najua, na kila mkaguzi ananiambia hivyo. Mpaka nitakapohakikishiwa kwamba anayeingiza takwimu ni mtumishi mwenye ajira ya kudumu, nitaandika mara mbili.

Hivi karibuni vijana wa programu wamekuja na vishikwambi, wanatengeneza mfumo mpya. Niliwaomba kabla ya kunionyesha chochote wakae mezani kwangu asubuhi moja, kwa ridhaa ya wagonjwa, wasikilize. Akaingia mama wa Lupembe. Nikamuuliza namba, akataja. Nikamuuliza usiku simu hukaa na nani, akaeleza: Jumatatu hadi Ijumaa iko kwake, mume akirudi kutoka kupasua mbao anaichukua ili asikilize mpira, wakigombana anaichukua wiki nzima. Kijana wa kishikwambi alikuwa ameshaandika namba. Kidole kikabaki hewani. Aliniuliza, "Sasa haya tunayaweka wapi?" Nikamwambia ndiyo nilichowaitia.

Wameongeza sehemu nne: simu ni ya nani, saa gani ipigwe, mpigaji ajitambulishe vipi, na kama mwenyewe amekataa meseji. Akikataa, programu hairuhusu itumwe hata kwa bahati mbaya. Bado hatujakubaliana kuhusu laini iliyobadili mwenyewe. Wana wazo pia la kutumia akili bandia ibashiri nani ataacha dawa ili tumfuate mapema. Nimewauliza itajifunza kwa takwimu zipi, maana zile za 2025 zinawataja watoro ambao hawakuwa watoro, na sababu za kweli za watu kukosa miadi ziko kwenye penseli. Walitaka niwape kadi za zamani wazipige picha. Nimekataa, zina majina. Badala yake jioni, wagonjwa wakishaondoka, nanakili yale maandishi ya pembeni bila jina wala namba, na kwa yule wa Wanging'ombe niliandika pia kilichotokea baada ya meseji. Meseji za mfumo mpya zitaanzia kwenye simu za WAVIU washauri wetu. Wao wakisema iko sawa, ndipo iende kwa wengine.